MTEJA ANAPOLALAMIKA HADHARANI



Miezi michache iliyopita mtoto wa dada yangu, msichana afanyaye biashara ya mabuibui na mitandio kwa njia ya simu, alinijia baada ya sala ya Magharibi hali uso umemshuka. Alinionyesha katika simu yake picha ya buibui alilolitangaza, na chini ya picha hiyo maneno ya mwanamke mmoja aliyelinunua: kwamba buibui limechujuka mara ya kwanza kufuliwa, limekuwa rangi ya majivu, na kwamba yeye ameliwa pesa zake mchana kweupe. Chini ya maneno hayo watu wengine walikwisha anza kuuliza kama ni kweli.

"Mjomba," akaniuliza, "nilifute neno hili au niliache?"

Kulifuta ni kazi ya kidole kimoja, na marafiki zake walikwisha mshauri alifute, kisha amfungie mlango yule mwanamke asiweze kuandika tena. Mimi sikumjibu usiku ule. Niliona swali lake si lake peke yake, bali ni la wafanyabiashara wote wa zama hizi, wadogo na wakubwa: mteja akipaza sauti mbele ya watu, mwenye mali afanyeje? Na nyuma ya swali hilo lipo jingine zito zaidi. Mtu akiwa mwema kwa mteja wake kwa sababu tu macho ya watu yanamtazama, je, huo ni wema?

Wazee wetu hawakujua biashara isiyo na uso. Mwenye duka la mtaani alimjua mnunuzi wake kwa jina, kwa baba yake na kwa msikiti asaliao, na mnunuzi alimjua yeye vivyo hivyo. Ukiuziwa mchele wenye mchanga, jioni mtakutana barazani, na jambo litasemwa mbele ya kahawa na mbele ya watu. Haya ilikuwa ni mizani ya pili juu ya meza ya duka. Kisha yakaja makampuni makubwa, na mtu akawa ananunua kitu kilichotengenezwa asikokujua na mtu asiyemjua. Akiwa na lalamiko huandika barua, na barua ikaingia katika kabati. Mwenye kampuni hakuwa tena na baraza la kukutana na aliyemdhulumu. Hali hiyo ilidumu muda mrefu, hata watu wakaizoea, wakadhani ndivyo biashara ilivyo.

Sasa baraza limerudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, Instagram mwaka 2010. Na leo muuza samaki wa Mombasa na shirika la ndege la Ulaya wote wawili wamekaa uwanja mmoja, na mteja wao anaweza kusema nao mbele ya kadamnasi.

Pana kisa kilichotokea Marekani ambacho wafanyabiashara wa huko hukisimulia hadi leo. Mwezi wa Machi 2008 mwanamuziki mmoja wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri kwa ndege ya shirika la United, na pale uwanja wa Chicago abiria wakaona kwa macho yao wapakuzi wakiyarusha magita. Gita lake likavunjika, na kulitengeneza kukamgharimu dola 1,200. Alidai kwa miezi mingi, akapelekwa kutoka mlango huu hadi ule, na mwisho akaambiwa hapati kitu, kwa kuwa hakuleta madai yake ndani ya saa 24. Mwezi wa Julai 2009 akatunga wimbo juu ya mkasa huo akauweka YouTube. (Hukumu ya muziki ni mas-ala mengine, siyasemi hapa, mimi nasimulia kisa.) Watu waliutazama kwa mamilioni. Shirika lililokataa dola 1,200 likamkimbilia na fidia. Yeye akasema hazitaki tena, wampe mwingine, nalo likatoa dola 3,000 kwa taasisi ya kufundisha muziki.

Nakuomba, msomaji, ukitazame kisa hiki vizuri, maana wengi hukisoma kwa haraka. Haki ya mtu yule ya mwaka 2008 na haki yake ya Julai 2009 ni haki moja. Gita halikuzidi kuvunjika. Kilichozidi ni macho ya watu. Basi shirika lile halikuwa limeijua haki. Lilikuwa limeyajua macho.

Na hilo ndilo somo ambalo makampuni mengi yamelichukua. Yameajiri vijana wa kuitazama mitandao usiku na mchana. Ukipiga simu kulalamika kwa siri utasikilizishwa ngoma na zumari mpaka salio likwishe. Lakini ukiandika hadharani utajibiwa mara moja kwamba poleni sana mpendwa mteja wetu, tuletee namba yako faraghani. Faraghani huko wakati mwingine husaidiwa, na wakati mwingine maongezi hufia huko huko, illa wale waliopita barabarani wameona kwamba umejibiwa. Kwa njia hii wateja wamefundishwa na wauzaji wenyewe kupiga kelele. Mwenye wafuasi elfu kumi haki yake hupatikana alasiri ile ile. Na yule bibi kizee asiye na simu, aliyeuziwa dawa ya mbu isiyoua mbu, haki yake iko kwa nani?

Hebu sasa tutazame mwenendo wa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wapokezi wa Hadithi, Bukhari na Muslim, wametusimulia kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba mtu mmoja alikuwa akimdai Bwana Mtume ngamia. Alikuja kumdai mbele ya watu, akamsemea kwa ukali. Masahaba wakakasirika, wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawajulisha kwamba mtu mwenye haki anayo ruhusa ya kusema. Kisha akaamrisha apewe ngamia wa umri ule ule. Wakatafuta, wasimpate ila aliye bora kuliko wake. Akasema apewe huyo huyo bora, na akawafunza kwamba mbora wa watu ni yule alipaye vizuri.

Mimi sijaona katika vitabu vya biashara vya siku hizi, na baadhi yake nimevisoma, mafunzo yaliyokusanya zaidi ya haya. Mdai alikosa adabu, lakini kukosa kwake adabu hakukuiondoa haki yake. Hakuambiwa aje faraghani. Wala Mtume hakuwaachia Masahaba wamjibu kwa niaba yake, ijapokuwa walifanya hivyo kwa mapenzi. Hili la mwisho twalihitaji sana leo, kwani mara nyingi mteja akilalamika chini ya picha, mwenye mali hukaa kimya, na wapambe wake humrukia yule mteja kwa matusi: kwamba ana husuda, kwamba hana pesa, kwamba ametumwa na mshindani. Mwenye duka hujifanya hakuona. Yeye hakutukana, ni kweli. Lakini mkuki ni wake, ameuazima kwa wengine. Yampasa awazuie rafiki zake kwanza, kabla hajamjibu mdai wake.

Nikirudi kwa yule msichana, usiku wa pili nilimwuliza swali moja tu: je, asemayo mwanamke huyu ni kweli? Akanyamaza. Kisha akasema kwamba yule tajiri aliyemletea mzigo alimwambia mapema kuwa rangi ya kitambaa kile si ya kutegemea, na kwa sababu hiyo akampunguzia bei. Mabuibui yalikuwa 40. Alikwisha uza 26, kila moja shilingi 2,500. Katika picha aliandika kuwa ni rangi isiyochujuka, kwa sababu, alisema, kila mtu huandika hivyo.

Hapo mambo yakawa wazi, na yakawa mazito. Kulifuta lile neno kusingekuwa kumnyamazisha mzushi. Kungekuwa kumfunga mdomo shahidi.

Sisi watu wa pwani wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi, na mwenye kusoma fikihi ya madhehebu yetu ataona jinsi maulamaa walivyokuwa na hadhari na kuuza kitu kisichoonekana. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, kuuza kitu maalumu ambacho mmoja wao hajakiona hakusihi. Kilichoruhusiwa ni salamu, yaani kulipa mbele kwa kitu kilichoelezwa sifa zake kikamilifu kikawa ni deni juu ya muuzaji. Madhehebu mengine yamefungua mlango kwa sifa au kwa hiari ya kurudisha baada ya kuona, na wengi leo huwafuata hao kwa haja ya zama. Sawa. Lakini katika kauli zote hizo, sifa ndiyo inayosimama mahali pa jicho. Mtu anayenunua kwa simu amekupa jicho lake ulitunze. Ukiandika sifa ya uwongo hukusema uwongo tu kama asemavyo mtu barazani. Umempofusha mtu aliyekuamini umwongoze njia.

Waarabu walikuwa na hila moja ya kumfunga mnyama matiti siku kadhaa bila kumkama, mnunuzi amwone kajaa maziwa. Mtume akaikataza, akampa mnunuzi haki ya kumrudisha. Nikiona picha za vyakula vilivyopakwa mafuta ving'ae, na za nguo zilizobanwa vibanio mgongoni zimkae vizuri aliyezivaa, na za vyumba vilivyopigwa kwa namna ambayo kitanda hakina ukuta, huwakumbuka wale mbuzi waliofungwa matiti. Hila ni ile ile, imebadilisha ngozi tu.

Na yako katazo jingine linalotugusa zaidi. Mtume alikataza najshi, nako ni mtu kupandisha bei ya kitu sokoni hali hataki kununua, ila amewekwa ili wengine wakione kitu hicho kina wateja. Leo wafuasi huuzwa kwa maelfu. Sifa huandikwa na watu ambao hawajapata kukishika hicho wanachokisifu. Na kijana maarufu hulipwa aseme kwamba yeye hatumii sabuni ila hii. Marekani wenyewe, ambao biashara ni damu yao, waliona hatari ya jambo hili, na Oktoba 2024 ikaanza kutumika kanuni ya serikali inayokataza kuuza au kununua sifa za uwongo za wateja. Jambo waliloliandikia kanuni mwaka ule, mvulana wa chuoni hulisoma katika mlango wa biashara.

Sasa ndipo naona jibu la lile swali langu la wema na macho. Haya ya watu si kitu kibaya. Wako watu wengi ambao mwanzo wao wa kuacha dhuluma ulikuwa ni kuwaonea haya majirani, kisha moyo ukazoea, wakaja kuiacha hata wakiwa peke yao gizani. Basi simdharau mfanyabiashara aliyejirekebisha kwa kuogopa mtandao. Lakini anayeogopa macho peke yake hataishia hapo alipo. Siku moja atagundua kwamba macho hununuliwa. Kwa nini ahangaike kuitengeneza bidhaa, hali pesa kidogo zaweza kumpatia mashahidi mia wa kuisifu? Haya ya watu isipokuwa na kumwonea haya Mwenyezi Mungu ndani yake huwa ni mtaji wa najshi. Kwa sababu hii sidhani kwamba mitandao peke yake italeta uaminifu sokoni, ijapokuwa imemrudishia mnyonge sauti yake, na hilo si dogo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika mlango wa adabu za uchumi ndani ya kitabu chake cha Ihyaa, amekwenda mbali zaidi ya kukataza uwongo. Kwake yeye, kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwamo ni uwongo, na kuisifu kwa sifa iliyomo ambayo mnunuzi anaiona mwenyewe ni maneno ya bure. Kinachobaki cha kusemwa ni kile ambacho mnunuzi asingekijua ila kwa kuambiwa. Fikiri ingekuwaje lau matangazo yote tunayoyaona kwa siku moja yangepitishwa katika chekeche hilo. Simu zetu zingepumzika.

Na kitu cha kwanza ambacho mnunuzi asingekijua ila kwa kuambiwa ni aibu ya bidhaa. Bwana Jarir bin Abdillahi (R.A.) alimbai Mtume kwa sharti la kumtakia heri kila Mwislamu. Baada ya hapo, akiuza kitu alimwonyesha mnunuzi aibu zake, kisha akamwambia achague, achukue au aache. Watu wakamwambia kwa mwendo huo hataweza kuuza, naye akawakumbusha ahadi yake. Na safari moja alipata farasi kwa dirhamu 300, akamwendea mwenye farasi na kumwambia kwamba mnyama wake ana thamani zaidi, akawa anaongeza yeye mwenyewe mpaka akamlipa 800. Kisa hiki nilimsimulia yule msichana, akacheka, akaniuliza, "Mjomba, na huyo Bwana aliishije?" Swali zuri. Sikuwa na jibu la kumpa, isipokuwa kwamba Jarir alikuwa mkuu wa kabila lake, naye yeye ana deni la tajiri.

Nisije nikaonekana nimewaelemea wauzaji peke yao. Mteja naye amepewa upanga, na wako wanaoukata hovyo. Imamu Nawawi ameyahesabu mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa kudai haki yake, na kuwahadharisha watu wasidhurike. Mwenye kununua buibui bovu anaingia humo. Lakini haingii ambaye hakumwuliza muuzaji kwanza, wala anayezidisha, wala anayemtaja mama wa muuzaji na ukoo wake, wala yule anayetisha kuandika mabaya asipopunguziwa bei. Huyo wa mwisho ni mla watu kama muuzaji mwongo.

Na wako wauzaji ambao hujikinga kwa kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Kibao hicho siku hizi kimehamia chini ya picha. Katika fikihi yetu mnunuzi aliyekuta aibu ya tangu kwa muuzaji anayo hiari ya kurudisha, na muuzaji kujisharutishia kwamba hana dhima ya aibu yoyote hakumwokoi katika nguo aliyokuwa akijua kasoro yake akaificha. Kibao kina kazi kwa mtu aliyebadili nia tu. Na hata huyo, Mtume ameahidi malipo makubwa Akhera kwa atakayemkubalia kurudisha kwa hisani.

Nilimhadithia pia habari za Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, shehena ya nguo, akamwambia kuna nguo moja ina aibu, aibainishe atakapoiuza. Hafs akasahau, akaiuza pamoja na zilizo nzima, wala asijue aliyeinunua ni nani. Imamu alipojua akatoa sadaka thamani ya shehena yote. Msichana hakucheka safari hii.

Aliliacha lile neno mahali pake. Chini yake akaandika kwamba dada huyu amesema kweli, kwamba kasoro ile yeye aliijua kabla ya kuuza, na kwamba kila aliyenunua katika mzigo ule amletee habari. Wapambe walikuja juu, akawaomba wanyamaze. Kisha akawapigia wanunuzi mmoja mmoja, maana si kila mtu huona kilichoandikwa. Tisa walitaka pesa zao zote. Wanne waliridhika na nusu. Kumi na mmoja walisamehe, na baadhi yao walikuwa hawajalivaa bado, wakamshukuru kwa kuwaambia wasilitie majini pamoja na nguo nyeupe. Yale 14 yaliyobaki aliyauza kwa bei ya chini, na sifa ya kwanza katika picha ilikuwa ni kwamba rangi huchujuka.

Sitakwambia kwamba biashara yake imestawi kwa jambo hilo. Haijastawi bado. Deni la tajiri amelilipa nusu, na sehemu ya pesa za kurudisha nilimkopesha mimi. Yule mwanamke aliyelalamika amelipwa, lakini hakununua tena kwake, wala halazimiki.

Wamebaki wanunuzi wawili kati ya wale 26 ambao hawajapatikana. Shilingi 5,000 zao zimo katika bahasha ndani ya kabati ya mama yake, majina yao yameandikwa juu. Ameniuliza kama azitoe sadaka kwa niaba yao, kama alivyotoa Imamu Abu Hanifa. Nimemwambia hilo ni la mtu aliyekata tamaa ya kumpata mwenye haki, na kwamba hata akizitoa, siku mwenyewe akitokea akadai itambidi alipe tena. Yeye bado hajakata tamaa: namba moja imefungwa, lakini ya pili huita, haipokelewi tu.